Skrubu Kumi na Tatu kwenye Trei ya Mayai

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Nkubu, na darasani nashikilia kwamba jina lake ni kipakatalishi. Mwanafunzi akiandika vingine kwenye insha, namkata alama. Lakini nikiingia chumba cha walimu, nami husema laptopu kama wenzangu, na yangu ilikuwa imeshakuwa kichekesho. Niliinunua mwaka nilioajiriwa. Kila asubuhi nilikuwa naiwasha, naenda gwarideni, nasikiliza matangazo yote mpaka ya viatu vilivyopotea, narudi, namimina chai, na bado nakuta kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo. Mwalimu wa Hisabati, ambaye meza yake ilikuwa kando ya yangu, alizoea kuiinamia na kuiuliza kwa upole, "Umeamkaje leo, nyanya?"

Niliyavumilia hayo kwa miaka. Kilichonishinda ni mtihani. Shule kadhaa za eneo letu zilikuwa zimekubaliana kutunga mtihani wa pamoja, nami nikapewa karatasi ya pili. Niliandika kifungu cha ufahamu kuhusu mwanamke mwenye mizinga ya nyuki, kifungu nilichokipenda mwenyewe, na nilipofika aya ya mwisho mashine ikaganda. Nikangoja. Nikabonyeza. Nikangoja tena. Mwishowe nikaizima kwa kidole, na ilipoamka, mwanamke na nyuki wake hawakuwepo. Nilimwandika upya. Akapotea tena. Mara ya tatu nilimwandika kwa kalamu, kwenye daftari, na nikajiambia kwamba Jumamosi hiyo haitapita.

Jumamosi nikaenda Meru mjini. Juu ya duka la mbegu kuna chumba kidogo cha fundi wa kompyuta, dada mmoja wa makamo ambaye nilielekezwa kwake na karani wa shule. Alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliwasha laptopu yangu, akaiwekea sikio kama daktari, kisha akanipa nami nisikilize. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, halafu kimya, halafu tik.

"Madam, mashine yako si mbaya," akasema. "Diski ndiyo imechoka. Humo ndani kuna sahani inazunguka na kijiti kinatafuta kitu juu yake. Sasa kijiti kinatafuta hakipati, kinarudia. Tutoe hiyo, tuweke SSD. Hiyo haina kitu cha kuzunguka. Utashangaa."

"Itachukua muda gani?"

"Kunakili vitu vyote kutoka ya zamani hadi mpya, na vile hii inasinzia, ni masaa mengi. Niachie mpaka Jumatatu."

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Ndani ya ile mashine kulikuwa na mtihani, na nilikuwa nimeahidi mbele ya wakuu wa shule kwamba hautatoka mikononi mwangu hata kwa dakika moja. Nilimweleza. Nilidhani atakasirika, lakini alicheka akavuta laptopu nyingine kutoka chini ya meza, imekufa, haina hata kioo.

"Basi utaifanya wewe mwenyewe. Fungua hii maiti nione mkono wako."

Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena. Alinionyesha mahali diski inapokaa, jinsi ya kuivuta bila kuipinda, na namna ya kunakili kwanza: unachomeka ile mpya kwa nje kwa waya maalumu, unaiambia programu inakili kila kitu, unakaa unangoja, na ikiisha ndipo unabadilisha. Akaniuzia SSD yenyewe, kitu chepesi kama pakiti tupu ya majani chai, na waya wake. Nilipokuwa nashuka ngazi aliniita.

"Madam, isizime katikati. Ikizima katikati unaanza mwanzo."

Shule zilifungwa wiki iliyofuata, nikaenda nyumbani kwetu Kibugu. Nyumba ya wazazi wangu iko karibu na msitu, mashamba ya chai pande tatu, na mwezi wa Agosti ukungu hushuka ukakaa mpaka saa tano. Baba alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda Embu mjini tangu kabla sijazaliwa, na alikifunga watu walipoacha kuleta redio. Mtu redio yake ikiharibika sasa anasikiliza kwa simu. Alirudi nyumbani na zana zake ndani ya mkebe wa biskuti, akazipaka mafuta, akaziweka juu ya kabati, akaingia shambani na Mama. Mama alikuwa akisema kwamba Baba huchuma chai kama mtu aliyepewa adhabu na mwalimu. Baba hakuwa analalamika, lakini alikuwa amenyamaza kuliko nilivyomjua.

Sikumwambia nimekuja kufanya nini. Sikutaka anihurumie wala anikataze. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, niliweka laptopu mezani, nikachomeka ile SSD kwa waya, nikawasha programu. Asilimia zikaanza kupanda. Baba alipita akaangalia, akapita tena. Mara ya tatu akavuta kiti.

"Hiyo namba inahesabu nini?" akauliza kwa Kiembu, maana nyumbani ndiyo lugha yetu.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono magotini.

"Kwa hivyo unahamisha mtu nyumba," akasema, "na ile nyumba mpya iwe na kila kitu mahali pake pale pale, hata kijiko."

"Ndiyo hivyo, Baba."

"Halafu nani atafungua?"

"Ni mimi."

Aliinua macho juu ya kabati, penye mkebe wake.

Namba ilifika hamsini na nane, stima ikapotea. Kwetu stima ikipotea na mvua ikinyesha, hujui itarudi leo au Alhamisi. Betri ya laptopu yangu nayo ilikuwa ya kuhesabu dakika. Nilipunguza mwanga wa kioo, nikafunga kila kitu, nikaomba. Ilifika sitini na tatu, ikazima. Niliinamisha kichwa juu ya meza. Mama alitoka jikoni na sufuria ya nduma akaniuliza kama ninaumwa.

"Ameambiwa asizime katikati," Baba akajibu kwa niaba yangu, "na imezima katikati."

Tulikula nduma. Baba alimenya yake polepole, halafu akasema kama mtu anayezungumza na nduma, "Yule mama wa kuku ana sola."

Jirani yetu wa chini anafuga kuku, na kwa ajili ya vifaranga alikuwa amewekewa sola kubwa na betri mbili, kwa sababu kifaranga hawezi kungoja stima irudi. Asubuhi tulishuka kwake, mimi na laptopu ndani ya kikapu, Baba na mkebe wake wa biskuti. Nilipouona mkebe sikuuliza. Jirani alitusikiliza akiwa ameshika ndoo ya chakula cha kuku.

"Jua la leo ni la kuomba," akasema, "lakini betri zilijaa juzi, na hawa wangu sasa wana wiki ya tano, hawahitaji joto sana mchana. Shida ni moja. Waya haufiki nyumbani. Mtakaa humo humo na kuku. Na viatu mvichovye kwenye dawa ya kuua viini, wote wawili, na wewe mzee, mkebe wako pia uupanguse."

Kwa hivyo diski yangu ilihamishwa ndani ya nyumba ya kuku. Tuliweka laptopu juu ya gunia la chakula, tukakalia makreti, na vifaranga mia kadhaa wakatuangalia kupitia wavu. Mwanzoni walikuwa kimya, kisha wakatuzoea wakaendelea na kelele zao. Asilimia tano. Asilimia tisa. Jirani alikuwa akiingia kila baada ya kazi moja na kuuliza, "Imefika ngapi?" na akitoka nilimsikia akimwambia mtu kwa simu kwamba ana wageni wa kompyuta kwa kuku.

Katika saa hizo Baba aliongea kuliko nilivyomsikia akiongea kwa miaka mitatu. Alinieleza kuhusu padri mmoja aliyemletea redio iliyojaa asali, na mwanamke aliyekuja kila mwezi na redio isiyo na tatizo lolote kwa sababu alipenda kukaa kibandani kusikiliza habari na watu. Alinieleza jinsi alivyojifunza kazi kwa kufungua redio ya mwajiri wake akiwa hayupo, akaifunga kabla hajarudi, kwa siku nyingi, mpaka siku alipokutwa. "Aliniuliza kama nimeiharibu," akasema. "Nikamwambia nimeitengeneza, ilikuwa na sauti ya kukwaruza. Akaiwasha. Tangu hapo akanipa kazi ya redio." Hiyo sikuwahi kuisikia. Nina miaka thelathini na sita.

Saa nane na kitu namba ikafika mia. Niliangalia mara mbili. Nikaizima kwa utaratibu, nikachomoa waya, na nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Meru. Jirani akatuletea chai na, bila mimi kumwomba, trei tupu ya mayai.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Baba yako ameitaka."

Baba alikuwa ameshafungua mkebe. Bisibisi zilikuwa zimepangwa ndani ya kitambaa, ndogo zaidi ikiwa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Alivaa miwani, akaipindua laptopu chali, akatoa betri, akaiweka mbali. Kisha akanipa bisibisi.

"Ni wewe utafungua. Mimi nitashika hesabu."

Kila skrubu niliyotoa aliichukua kwenye kiganja, akaiangalia urefu, akaiweka kwenye shimo lake la trei kwa mpangilio ule ule ilivyokaa kwenye mashine. Ya kona ya juu kushoto, shimo la kona ya juu kushoto. Zilitoka kumi na moja. Nilishika ukingo wa kifuniko nikavuta. Kikainuka upande mmoja, upande wa pili kikakataa. Nikavuta zaidi. Plastiki ikalia.

Baba aliweka mkono juu ya mkono wangu.

"Mama," akasema. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hivyo tangu utoto ananiita hivyo. "Ukiona inabidi utumie nguvu, kuna skrubu hujaiona."

"Nimetoa zote."

"Umetoa zile zinazoonekana."

Alipitisha kidole gumba polepole juu ya sehemu yote ya chini, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nyayo. Kidole kikasimama kwenye ile miguu miwili ya mpira ya nyuma. Akaibandua kwa ukucha. Chini ya kila mmoja kulikuwa na skrubu. Ile maiti ya Meru haikuwa nazo. Skrubu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu zikaingia kwenye trei, na kifuniko kikatoka chenyewe.

Ndani kulikuwa na vumbi la miaka tisa, chaki nyingi, na kipande cha ganda la karanga ambacho sitaki kujua kilifikaje. Baba alilipuliza vumbi kwa bomba la mpira alilokuwa akitumia kwa redio. Nikavuta diski ya zamani kama nilivyofundishwa, tukaitoa kwenye fremu yake ya bati, tukaiingiza SSD kwenye fremu hiyo hiyo. Baba alizishika diski zote mbili viganjani, moja kila upande, ya zamani na mpya.

"Hii ni nzito mara nyingi," akasema, "na hii nyepesi ndiyo yenye mbio. Sawa tu. Hata watu."

Tulifunga. Aliniachia skrubu za mwisho nizikaze mwenyewe, akinikumbusha niache kabla mkono haujalazimisha. Nikarudisha betri, nikabonyeza kitufe.

Kioo kikabaki cheusi, halafu yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza yakisema kwamba hakuna diski.

Jirani, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeingia kwenye ugomvi wa watu. Nikaanza kufikiria mtihani, karani, wakuu wa shule. Nikafikiria daftari langu na mwanamke wa nyuki kwa kalamu. Baba hakubadilisha uso. Aliizima, akaigeuza, akatoa betri, akaanza kufungua tena, skrubu moja baada ya nyingine, kila moja na shimo lake, bila haraka yoyote. Nilitaka kumwambia afanye upesi lakini nilikuwa nimeshaona kwamba haikuwa siku ya kumwambia hivyo.

Kifuniko kilipotoka aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Uliisukuma mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

Aliigusa SSD kwa kidole kimoja. Ikaingia ndani kidogo sana, upana wa ukucha, na ikatoa mlio mdogo, tak.

"Sasa ndiyo imefika mwisho," akasema.

Tukafunga tena. Mara hii niliibonyeza na kujitayarisha kungoja, kwa mazoea. Nilikuwa hata nimechukua kikombe cha chai. Sikukifikisha mdomoni. Kioo kilikuwa tayari kimefunguka, picha ya harusi yangu imetokea, na kila kitu kimekaa mahali pake. Niliizima nikaiwasha tena, kwa sababu sikuamini. Ikafunguka vile vile. Jirani akauliza kama ilikuwa imezima kweli au nilikuwa nawadanganya. Nikaizima mara ya tatu ili aone mwenyewe, na alipoona alicheka mpaka kuku wakanyamaza.

"Fungua kitu," Baba akasema. "Chochote. Tuone kama vijiko vimehamia."

Kwanza nilifungua mtihani. Ulikuwepo wote. Nikaingia kwenye folda za zamani ambazo sikuwahi kuzifungua kwa sababu zilikuwa zinaigandisha mashine, nikakuta video ya nyanya, mama yake Baba. Nilimrekodi nikiwa chuoni, kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi, miaka minne kabla hajafariki. Niliiweka kwenye hiyo laptopu baadaye na haikuwahi kucheza bila kukatika. Sasa ikacheza. Nyanya akatokea ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la nje, kitambaa cha kijani kichwani, anapepeta maharagwe, na sauti yangu ya usichana ikimwomba anipe hadithi.

Hakunipa hadithi. Alianza kumsengenya Baba.

"Huyo baba yako," akasema ndani ya kompyuta, "alifungua redio yangu nikiwa shambani. Nilikuwa na redio nzuri. Nikarudi nikaipata inaimba, sawa, lakini kuna skrubu moja mezani. Nikamuuliza hii ni ya wapi? Akaniambia, mama, hiyo si ya lazima. Unasikia? Watu wa Ulaya waliiweka, yeye anasema si ya lazima."

Baba aliinama mbele. Hakuwa amemwona wala kumsikia mama yake tangu mazishi. Nilimwangalia kwa wasiwasi, nikiweka kidole tayari kusimamisha. Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini mdomo ulikuwa unatafuta jibu.

"Haikuwa ya lazima," akaiambia laptopu. "Ilikuwa ya kamba ya kubebea, na kamba ilikuwa imekatika."

Nyanya aliendelea na maharagwe. Jirani yetu, aliyekuwa amemjua, aliketi chini kwenye gunia la pili, nasi watatu tukamsikiliza mpaka mwisho, dakika arobaini kasoro chache. Baba aliomba tuirudie pale pa redio. Tuliporudi nyumbani Mama naye akataka kuiona, na dada zake Mama walipokuja Jumapili nao wakaiona, na kila mara Baba aliieleza ile kamba.

Mtihani ulifanywa, na mwanamke wa nyuki akawasumbua wanafunzi wa shule sita. Nikiwa chumba cha walimu muhula ule, niliwasha mashine mbele ya mwalimu wa Hisabati, akaitazama, akatazama yake, na akaniuliza kwa sauti ya chini fundi ni nani. Nilimwambia ni baba yangu. Haikuchukua muda wakawa walimu wanne wanaotaka za kwao pia zibadilishwe diski.

Sikuweza kubeba laptopu nne mpaka Kibugu, kwa hivyo Baba ndiye aliyekuja Nkubu. Alikuja Ijumaa ya mwisho wa muhula, amevaa koti lake la harusi za watu, mkebe mkononi. Tulikuwa tumeshanakili kila diski mapema kwa zamu, kazi yake ikawa kufungua na kubadilisha. Alipewa meza karibu na dirisha. Aliomba trei za mayai, na mpishi wa shule akaleta nne. Walimu walisimama kumzunguka kama kuna ajali, wakashangaa jinsi mtu anavyoweza kutoharakisha. Mkuu wa shule alipopita alimwita injinia, na Baba akasimama akampa mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kibandani, "Hapana mwalimu, mimi ni fundi wa redio."

Saa tisa zote nne zilikuwa zimewaka. Mwalimu wa Hisabati alimpa mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, wa kubebwa na watu wawili, na Baba akakataa kabla ya kukubali, kama inavyotakiwa. Nilimsindikiza. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa kuhusu siku hiyo, na nilikuwa natafuta maneno, mimi ninayefundisha maneno, lakini yeye alikuwa na lake.

"Wenzako hawasafishi mashine zao," akasema. "Ile ya mama wa Kemia ilikuwa na mende. Mzima. Nilimtoa nje pole pole mwenyewe asimwone, angeona aibu."